Kitabu cha Majibu Mkononi mwa Baba

Shoga, nimefeli. Ule mtihani wa leseni ya udalali, wa mikataba ya mahindi ambayo hata hayajavunwa. Zimepungua alama mbili tu!

Na wala si hilo linaloniliza.

Si unajua baba ndiye alikuwa ananisimamia? Miezi mitatu mimi nasoma swali kwa sauti, najibu, yeye kashika kitabu cha majibu: "Sahihi, mwanangu. Twende lingine."

Leo nimerudi nimewaka. Swali moja: bei ikishuka, nani anaongeza pesa ya dhamana ya mkataba? Nimejibu muuzaji. Kumbe mnunuzi! Na baba kila siku ananiambia sahihi.

Nikamtia kitabu mkononi. "Baba, hebu nisomee hapa."

Akakishika kichwa chini miguu juu.

Kichwa chini miguu juu, shoga.

Kumbe tangu mwaka jana anaona ukungu mtupu.

"Sasa hiyo sahihi ulikuwa unaitoa wapi?"

"Nilikuwa nasikiliza sauti yako. Usiposita, najua umepata."

Nimejifungia chooni. Yuko mlangoni, ananibembeleza nitoke tuanze upya, atanishikia kitabu.