Fomu Niliyoijaza kwa Mapenzi

Shamba la Huisman,
Barabara ya Changarawe Na. 4,
Oster Grove, Iowa.

13 Novemba 2013

Mpendwa Shangazi Trudy,

Pokea salamu tele kutoka kwa binti wa kaka yako, ambaye siku hizi anaitwa Bi. Huisman na bado anageuka kumtafuta mama mkwe wake akiitwa hivyo! Hujambo huko Alaska? Goti linaendeleaje? Mama aliniambia uliteleza kwenye ngazi za posta, nikashtuka sana. Tafadhali, kuni wabebe vijana wa jirani. Huku sisi tu wazima wa mwili. Mahindi yameshavunwa yote, nguruwe wanakula vizuri, na mgongo wa Wendell umepata nafasi ya kupumzika.

Asante mno kwa blanketi la sufu. Lilifika wiki moja baada ya harusi na halijatoka kitandani kwetu tangu hapo. Tulikukosa siku ile, Shangazi. Mvua ilinyesha tulipotoka kanisani, Wendell akavua koti akanifunika, na picha zote zinamwonyesha amelowa chapachapa anacheka. Nikimtazama pale ukutani, hadi leo moyo unaniruka.

Yaani sikujua mtu anaweza kupendwa hivi! Miezi mitano sasa na bado ananiita bibi harusi. Asubuhi ananiwashia gari lipate joto hata kama naenda tu kununua unga. Akirudi kutoka bandani ananukia nguruwe, nami namkumbatia hivyo hivyo. Mama mkwe, Mama Gerda, anasema, “Nyinyi wawili mtafanya maziwa yachachuke.” Mimi nacheka tu.

Ningependa barua iishie hapo. Lakini furaha yangu imeingia doa, nami ndiye niliyelitia. Mama nikimwambia, atampigia simu Mama Gerda kabla hata sijaweka yangu chini. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Ni habari ya Annika, binti wa Wendell. Ana miaka saba. Ulimuona kwenye picha, yule mwenye koti la njano. Mama yake, marehemu Corinne, ndiye aliyeanza kumsomesha nyumbani, na Wendell alimwahidi alipokuwa kitandani akikata roho kwamba tutaendelea. Sasa tunamsomesha mimi na Mama Gerda, mezani jikoni. Akisoma kimya kimya, anasoma vizuri kuliko nilivyosoma mimi nikiwa na miaka kumi. Shida yake ni kusema. Maneno yote yamo kichwani, lakini mdomo haumtii. Anajaribu, anakwama, anajaribu tena, na mtu asiyemzoea haambulii kitu.

Kwa hiyo kila Jumanne na Alhamisi Wendell alikuwa akimpeleka shule ya umma ya mjini kwa nusu saa, kwa mwalimu wa matamshi anayeitwa Mwalimu Hedlund. Sheria ya huku inaturuhusu hilo hata kama mtoto hasomi pale. Wenzetu wa kanisani wanaosomesha nyumbani hawapendi. Mmoja wao, Darlene, aliniuliza kwenye kahawa ya Jumapili baada ya ibada, mbele ya watu, “Mwenzetu, bado mnampeleka kwa serikali? Leo wanamfundisha ulimi, kesho watakuja kukuhesabia mayai kwenye friji.” Nikamjibu, “Waje tu, wakimaliza waoshe na vyombo.” Watu walicheka, lakini lile neno liliniingia.

Mwezi wa tisa ikaletwa fomu. Kila baada ya miaka mitatu wanampima mtoto upya waone kama bado anastahili kufundishwa, na nyumbani nako wanauliza maswali. Nikamwomba Wendell aniachie niijaze mimi. Nilitaka kufanya kitu kimoja cha kimama kwa mkono wangu.

Mama Gerda alikuwa akimenya viazi. Akaniambia, “Karatasi ya ofisi ya elimu mwanangu, iandikie mazuri tu. Ukiwaonyesha tundu, wanaingia mzima mzima.” Alisema kwa nia njema. Kila mwaka sisi tunaosomesha nyumbani tunaipelekea ofisi ile karatasi za kuonyesha mtoto anaendelea, na mkono umeshazoea kusifu. Sikufikiri kwamba safari hii walikuwa wanauliza shida ili wasaidie.

Waliuliza, je, mtu mgeni humwelewa anapozungumza? Nikaandika: Daima, na humfurahia. Je, huweza kueleza anapoumwa? Nikaandika: Vizuri kabisa. Je, huongea na watoto wenzake? Nikaandika: Ndiye kiongozi wao. Nilikuwa na furaha nyingi mno, Shangazi, nikaimwaga yote kwenye fomu ile. Na mwezi wa nane tu Annika alikuwa amekaa na jino bovu siku tatu, sisi hatuna habari, mpaka shavu lilipovimba.

Wakatuita shuleni mwezi wa kumi. Watu sita mezani, sisi wawili upande wetu. Mama mmoja wa ofisini akaeleza kwamba siku ya kupimwa Annika alijitahidi sana, alama zake zimeangukia kwenye mstari wenyewe wa mpaka, kwa hiyo majibu ya nyumbani ndiyo yatakayoamua. Akaanza kuyasoma kwa sauti. Wendell akanishika mkono chini ya meza.

Mwalimu Hedlund hakutazama karatasi, alinitazama mimi. “Bi. Huisman, kweli hivi ndivyo ilivyo nyumbani?”

Nikasema, “Ndiyo, mwalimu.”

Wendell akasema, “Si mnaona? Huyu bibi harusi wangu ni dawa!” Wote wakacheka. Akasaini. Masomo yakakoma siku hiyo hiyo.

Jumanne iliyofuata Annika alivaa koti na buti, akaenda kukaa ndani ya gari. Nikamtoa. Alhamisi vilevile. Nilimweleza kwamba amemaliza, amefaulu, nikamwokea hata keki. Hakuigusa. Jumanne ya tatu nilimkuta garini amejifunga mkanda, pua imekuwa nyekundu kwa baridi. Nikaingia nikakaa kando yake. Ilimchukua muda mrefu mno kuyatoa maneno, nami sikumkatiza. Aliniuliza, “Nikisema vibaya, nitarudi?”

Shangazi, mtoto anaamini alifukuzwa kwa sababu alisema vizuri.

Nilimpigia simu Mwalimu Hedlund nikilia. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tuandike barua kwamba majibu yangu hayakuwa ya kweli, tuombe apimwe tena, na baba yake asaini, maana mimi kisheria bado si mzazi wake. Basi ikabidi nimwambie Wendell.

Nilimwambia Jumamosi asubuhi, ananawa mikono jikoni. Niliongea haraka haraka nikitazama mgongo wake. Nilitegemea apige kelele. Ningeweza kuzivumilia kelele zake. Alifunga bomba, akasimama hivyo hivyo, maji yakimdondoka kwenye viwiko.

“Niliisoma, Janae,” akasema. “Niliisoma garini kabla sijaipeleka.”

“Sasa mbona hukuniambia kitu?”

“Ndoa ilikuwa na miezi mitatu. Ulikuwa umechora na ua pale pembeni. Ningekwambiaje?” Halafu akasema, “Na nilitaka iwe kweli.”

Hatukugombana. Heri tungegombana. Nilimnyamazia ili asinione mwongo, naye alininyamazia ili nisione aibu, kila mmoja akidhani anampenda mwenzake. Kati yetu alikuwapo mtoto asiyeweza kujisemea, na sote tulijua. Bado ananiwashia gari asubuhi. Bado nampenda hadi nashindwa kupumua. Ila sasa nikisikia gari likinguruma pale nje, natamani kujificha.

Barua tuliipeleka Jumatatu iliyofuata. Jibu limekuja jana. Wamesema vipimo vya mwezi wa kumi bado ni vipya, mtoto ataangaliwa tena mwaka ujao wa shule. Tunaweza kupinga, lakini inachukua miezi, na wanaweka wazi kwamba nyumbani ndiko kulikotoa majibu. Na Mwalimu Hedlund anastaafu Krismasi. Atakayekuja atagawanywa kati ya shule tatu, na Annika hamjui.

Siku ya tisa leo hajatamka neno. Si kwangu, si kwa baba yake, wala kwa Mama Gerda ambaye alikuwa akimsemesha hata kwa kumchokoza. Anaonyesha kwa kidole. Akitaka maziwa, anagonga friji. Kazi zake za hesabu anafanya zote, sahihi, na anaziweka mbele yangu bila kunitazama.

Usinitafutie la kunifariji, Shangazi, nakujua. Sina ninachokuomba ila uwe unajua, maana huku kila mtu ananiona bibi harusi mwenye bahati.

Jana baada ya kusoma jibu la ofisi, nilipiga magoti mbele yake nikamwambia ukweli. Nikamwambia yeye hakukosea popote, alisema vizuri na alifanya vizuri, mimi ndiye niliyeandika uongo. Nilikuwa naendelea kueleza. Akaninyooshea mkono, nikadhani anataka kunifuta machozi. Akaniwekea vidole kwenye midomo, akaifunga, taratibu kabisa, akaishikilia hivyo mpaka nikanyamaza.

Wasalimie Mjomba Orrin na binamu zangu Petra na Dale. Mwambie Petra nguo aliyonishonea ilinikaa kama nimezaliwa nayo. Wendell na Mama Gerda wanakusalimu sana. Annika angekusalimu. Mungu akulinde kwenye barafu hiyo, aliponye goti lako, na akupe wa kukukatia kuni hadi majira ya kuchipua.

Ni mimi mwanao, nikupendaye sana hata leo,

Janae