Sukari Niliyomnyima Mama Mdogo

Nairobi, Jumapili baada ya ibada

Kwa mama yangu mpendwa, Newala.

Shikamoo, Mama. Goti lako linaendeleaje, na bado mnashuka bondeni kuteka maji? Mimi mwili ni mzima, ila uso sina.

Barua iliyopita niliandika kwamba ule uvimbe wa shingoni wa mdogo wako umenywea kwa sindano, nanyi mkaenda kumshukuru Mungu kanisani. Mama, uvimbe umerudi, tena mkubwa kuliko wa kwanza. Sindano zile zile sasa ni kama maji.

Tangu mwanzo daktari alisema dawa hiyo inaunyima uvimbe chakula chake. Mama mdogo hajui ila Kimakonde, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi, mfagiaji wa wodi. Nami kwa kujitia najua nikaongeza la kwangu: nikamwambia daktari amekataza sukari. Akatii. Chai haina sukari, uji mtupu, mpaka akabaki mifupa. Daktari akauliza mbona hali chakula, nikasema hana hamu.

Uvimbe uliporudi, mama mdogo alinishika mkono akaniambia kuna siku alitafuna kipande cha muwa alichopewa na jirani wa kitanda cha pili. "Nimejiua mwenyewe, mwanangu," akasema. Nilijua si kweli, maana daktari alishanieleza: chembe chache za uvimbe hazikufa, zikabadili ulaji wake, zikajipatia chakula kwa njia nyingine ambayo dawa haiwezi kuiziba. Muwa hauhusiki. Lakini kusema hivyo kungenifichua, basi nikamwacha abebe kosa langu wiki nzima.

Leo asubuhi nimeungama kwa daktari. Hakunifokea, na hilo limeniuma zaidi. Alisema tu tumpe chochote anachotamani, kwa kuwa dawa nyingine hana. Kisha nikaenda kwa mama mdogo nikamweleza yote. Nilitegemea anitukane, na ningepokea. Akaniuliza, "Kwa hiyo sikujiua?"

"Hapana, Mama."

Akajifunika shuka akalia, nami nimesimama pale na ufagio wangu.

Mwalimu anayekusomea barua hii asiruke mstari hata mmoja. Nisalimie Baba, mjomba fundi cherehani, na dada anayekutekea maji. Mume wa mama mdogo mwambie nilikosea kumwandikia amalize kwanza kuvuna korosho. Aziache zilipo, apande lori aje.

Mimi mwanao niliyekosa,
Barnaba