Mfuko wa Upande wa Kulia

Ofisi ya Mawakili wa Tume,
Ghorofa ya Pili, Chumba Na. 7.
Jumatatu, 4 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Ninakuandikia kwa jambo moja, nami nalitamka mapema lisije likakuvizia katikati ya barua: ninakuomba uvuke mpaka, urudi, utoe ushahidi juu ya mashati uliyoshona wakati wa vita.

Kabla sijafika huko, u hali gani? Uvimbe wa mguu umepungua? Na cherehani, bado inakuitikia, au imeanza kunung'unika kama mwenyewe? Sisi hatujambo. Mama ni mzima na ulimi wake ni mzima zaidi. Mimi nilihitimu sheria Novemba, daraja la kwanza (heri ulisikie kwangu kabla Mama hajalitia chumvi), na sasa ni msaidizi wa wakili katika tume inayochunguza mauaji ya mateka.

Habari niliyo nayo ni nzito, wala sitaipamba. Kwa miaka kumi na tisa umetuambia kwamba mateka wale thelathini na mmoja, Baba akiwa mmoja wao, waliachiwa wakaenda zao na mashati yako mapya. Ndivyo ofisa alivyokuahidi, siku zile nane ulizoshona huku askari mwenye bunduki amesimama nyuma ya kiti chako. Siku ya tisa kijiji kizima kikaamriwa kuhama kabla ya adhuhuri. Nilikuwa na miaka mitano. Nakumbuka mgongo wako tu njiani, na kichwa cha cherehani juu yake. Leo tunajua kwa nini hakutakiwa kubaki mtu. Mwezi uliopita, mafundi waliokuwa wakichimba msingi wa shule nyuma ya ghala la pamba waliwakuta mateka wale, wote, katika shimo moja. Hawakwenda popote.

Jeshi linadai kwamba hao ni wapiganaji waliokufa vitani, na nguo ni zao wenyewe. Wakili wao ana sauti nzuri mno, na hoja yake ingesimama lau si kosa lako.

Unalijua. Kwa kuwa wewe ni mtu wa mkono wa shoto, hujapata kushona mfuko wa kifuani kushoto kama mafundi wenzako. Nilichekwa shule nzima kwa ajili hiyo, hadi jina likanigandia. Vitambaa vilivyotolewa shimoni vilipotandazwa mezani, mifuko iliyosalia ilikuwa kumi na saba, yote kulia. Nikamwita Mama, nikaanza kumfafanulia utaratibu wa kutambua vielelezo.

"Hebu nipishe, Wakili," akanikatiza. "Huu mkono wa kaka yangu nimeuvaa tangu sijaota meno."

Kisha mkono wake ukafika kwenye shati moja lililozidi mengine kwa kiganja kizima. Hakuna shati la dukani lililowahi kumfika Baba kiunoni. Ulilikata ukimfikiria yeye.

Mjomba, usijilaumu. Tulikuwa tukingoja barua yake. Shati lako ndilo lililotuletea.

Ushahidi wa Mama hautoshi: anaujua mshono, lakini hakuwapo ulipoamriwa kushona. Ni wewe peke yako. Usipofika, jalada litafungwa siku hiyo hiyo ya kikao, nao watazikwa kama wapiganaji wasio na majina, na Baba pamoja nao. Najua wapo waliokuita fundi wa jeshi, na hilo ndilo linalokuzuia kurudi. Niamini katika hili, maana ndilo nililolisomea: unakuja kama shahidi, si mshtakiwa. Hati ya tume yenye muhuri imo ndani ya bahasha hii. Mkono utakaokuwa karibu nawe ni wangu, na hauna bunduki.

Nisalimie mke wako, mapacha, na yule jirani yako fundi redio aliyekubali kukuletea barua hii. Mama anasema amekwisha kutandika kitanda chako. Mungu akufungulie njia, akufikishe salama.

Kikao ni Alhamisi, tarehe 28 Machi. Nitakuwa kwenye ngazi za mlango mkubwa saa mbili kamili asubuhi, nimevaa shati lenye mfuko kulia.

Mpwa wako akupendaye na akusubiriye,
Mfuko-Kulia