Jumapili Tulizokuonyesha Kijiji

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Ninakuandikia nikiwa Dodoma, nguo zikiwa bado zimelowekwa kwenye beseni. Najua barua hii haiwezi kukufikia huko uliko, lakini nina jambo ambalo ningependa ulisikie kutoka kwangu mwenyewe, na kila nikijaribu kukaa nalo kimya linanishinda.

Kwanza niseme ninavyokumbuka ulivyokuja kwetu. Mama yetu alikuwa amefariki, na nyumba ilikuwa imekaa kimya muda mrefu. Baba akatuita mimi na Daudi, akasema kuna mama anakuja kutoka Iramba, tumpokee vizuri. Ulishuka kwenye bodaboda iliyokuleta kutoka Mtinko, na begi moja na kuku mweupe ndani ya kikapu. Mimi nilikuamkia kwa sababu Baba alikuwa amesimama pale akinitazama. Daudi, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule, alikimbilia nyuma ya zizi, hakutoka mpaka ng'ombe waliporudi.

Siku zile sikujua kama na wewe ulikuwa unaumia. Ulisonga ugali wa uwele, ukapika mlenda, Daudi akasukuma sahani.

"Mlenda wa mama haukuwa hivi."

Baba aliinuka akitafuta fimbo. Ukamzuia.

"Baba Neema, mwache. Anasema kweli. Mimi sijui mama yake alivyokuwa akipika." Kisha ukamgeukia Daudi: "Siku ukikumbuka alikuwa anaweka nini, uniambie."

Usiku ule alilala na njaa, na nadhani na wewe hukula.

Jumapili moja baada ya kutoka kanisani, vyombo vimeshaoshwa, ulisimama mlangoni ukasema, "Mimi huku najua njia ya bombani na njia ya kanisani. Kwingine kote nitapotea. Nani atanionyesha kijiji?" Sisi tukakimbilia uani. Hukutubembeleza. Ulijifunga kanga vizuri, ukavaa kandambili, ukatoka peke yako. Tulikuwa tunakuchungulia kutoka uani. Ulipofika njia panda ukakata kushoto, na hapo Daudi akashindwa kuvumilia.

"Huko kuna mbwa wakali!"

Ukasimama. "Sasa nipite wapi?"

Alitoka mbio, akakupita bila kukutazama usoni, akashika njia ya kulia. Wewe ukamfuata, na mimi nikakufuata wewe.

Tangu siku hiyo Jumapili zetu zikawa hivyo. Daudi alikuonyesha mawe makubwa ambako pimbi huota jua, na jinsi ya kunyata ili wasikimbie. Mimi nilikuonyesha migunga yenye mizinga ya nyuki, na lambo ambako upepo ukivuma maji yanakunjamana kama shuka. Wakati wa alizeti tulipita katikati ya mashamba, maua yakiwa juu ya kichwa cha Daudi, tukawa tunamtafuta kwa sauti tu. Wewe uliuliza kila kitu. Mti huu mnauitaje kwa Kinyaturu? Ukirudia jina vibaya tulicheka, nawe ukatutajia kwa Kinyiramba, tukacheka tena.

Watu walishangaa. Mama Elisha, jirani yetu, alituona tunapita akiwa anapepeta mtama, akauliza, "Mnakwenda wapi na watoto jua hili?"

"Tunatembea tu, dada."

"Mnatembea tu? Hamjatumwa? Hamna mgonjwa wa kumwona?"

"Hatuna."

Akatikisa kichwa. Lakini safari iliyofuata alitupa karanga za kuchemsha, tukala huku tunatembea, na ni karanga hizo zilizomfanya Daudi asimame ghafla katikati ya njia. "Karanga," akasema. "Mama alikuwa anaweka karanga kwenye mlenda." Ulimshukuru kama mtu mzima aliyekutoa kwenye shida. Jioni ile alikula, akaongeza.

Kuna siku moja ambayo sijawahi kuizungumza na wewe. Tulikuwa tumefika karibu na shule, ukasema, "Upande ule wa makaburi hatujawahi kwenda." Tangu mazishi, hakuna aliyetupeleka kule. Baba hakuweza, na sisi hatukuthubutu kumwomba. Daudi alinitazama mimi, nikatazama chini.

"Kama hamtaki, tunarudi nyumbani," ukasema. "Lakini mimi ni mgeni, sijapita kumsalimia mwenyeji wangu."

Nikakuongoza mimi. Kaburi lilikuwa limeota majani, msalaba umeinama. Ulivua kandambili, ukapiga magoti ukaanza kung'oa majani, bila kutuambia tukusaidie. Tulikusaidia. Kulipokuwa safi ukasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayebisha hodi, "Dada, mimi ndiye niliyekuja. Watoto wako wamenionyesha kijiji chote. Wamelelewa vizuri. Asante."

Ndipo nikalia. Nililia mpaka kwikwi zikanishika, na Daudi alipoona nalia akalia naye. Hukusema tunyamaze. Ulikaa chini kwenye vumbi ukatuacha tuegemee kila mmoja upande wake, na ndiyo mara ya kwanza niligusa mkono wako nikauacha hapo.

Tuliporudi Baba aliona vumbi kwenye magoti yetu, akajua tulikotoka. Jumapili iliyofuata, ulipofika mlangoni, alikuwa ameshavaa viatu.

Mama Mdogo, niliondoka nyumbani, nikasoma, nikapata kazi, na sikukushukuru vya kutosha. Nilikuwa nakuletea sabuni na vitenge nikidhani nimemaliza. Ulipougua nilifika, ukawa unaniuliza tu kama nimekula. Sasa ninasema asante, kwa kuwa sasa ndiyo najua uzito wa kile ulichokifanya.

Jambo lenyewe ni hili: naolewa. Mchumba wangu alifiwa na mke, na ana binti, anaitwa Tumaini. Ana miaka tisa. Akiniona ananiamkia, halafu anaingia chumbani anafunga mlango. Sijamkasirikia hata siku moja. Wapo wanaoniambia nimwonyeshe mapema nani mkubwa ndani ya nyumba. Nawasikiliza, halafu nakukumbuka wewe.

Mwezi uliopita nilimpeleka kijijini pamoja na baba yake. Baba yetu alimpa mkono, Daudi akamchekesha kidogo. Jioni nikamwambia twende tukatembee, yeye na mimi. Alikubali kwa heshima tu, nadhani. Nilimwonyesha pimbi, nikamtajia miti, nikajitahidi sana. Alinifuata kwa mbali. Nikaanza kuogopa kwamba lililowezekana kwako, kwangu halitawezekana.

Tulipofika lamboni akasema, kwa sauti ndogo, "Mama yangu hakuwa anapenda kutembea."

Nikageuka. "Alikuwa anapenda nini?"

"Kukaa. Tulikuwa tunakaa tu barazani, anatazama watu."

Palikuwa na jiwe pana pale. Nikamwambia, "Basi tukae."

Tukakaa. Wachungaji walileta ng'ombe kunywa maji, tukawatazama. Sikumuuliza kitu kingine. Baada ya muda akaanza kunieleza mwenyewe, mama yake alivyokuwa akiwapachika majina wapita njia, na kwa nini alimwita mzee mmoja wa mtaani kwao Bwana Mwavuli. Tulicheka. Jua lilikuwa linazama, lakini sikuinuka mpaka alipoinuka yeye.

Pumzika kwa amani, Mama Mdogo.

Ni mimi, binti yako,
Neema