Veranda ya Nyansiongo

Celestine,

Mboga ya chinsaga imeiva, ipashe moto tu. Ng'ombe mkamue wewe. Jana mumeo Mwadime alipigwa teke akajifanya anacheka, lakini nilimwona akichechemea. Nimeenda Keumbu kuuza ndizi, nitarudi jioni.

Naandika Kiswahili ili mume wako naye asome. Asidhani amenikosea asubuhi, alipotuonyesha kwenye simu miji ya ng'ambo mnakotaka kunipeleka likizo. Ile ya ufuoni niliipenda. Lakini alipofika kwa miji ya zamani iliyojengwa na wakoloni, niliona veranda yenye nguzo nyeupe, nikaacha chai yangu. Kwetu mtu halii mbele ya mkwe. Ndiyo maana nilitoka.

Veranda kama hiyo ilikuwa Nyansiongo, kwa mzungu aliyeajiri nyanya yako. Baba yako akiwa mtoto alipeleka maziwa pale, mlango wa nyuma. Siku moja mvua ilimshika, akapanda verandani kujikinga, akachapwa. Hata mzungu alipoondoka na nyumba ikawa ofisi ya ushirika, baba yako alibaki uani, akamtuma mtu aingie kwa niaba yake. Tangu tumzike, ndivyo ninavyomwona: amesimama kwenye mvua.

~~Chagueni ufuo. Hiyo miji mingine sitaki hata kuiona.~~

Hapana. Chagueni ule wenye veranda. Nitakaa hapo juu niletewe chai, na kiti kilicho kando yangu asikikalie mtu.

Mama