Kitufe Kiko Chini ya Meza

Kosa ambalo watu wengi hufanya, na mimi nikiwa mstari wa mbele, ni kuandika barua pale tu kitu kinapoharibika. Kikifanya kazi tunanyamaza, tukidhani aliyekitengeneza anajua.

Hajui.

Leo ni Jumamosi, Siakago. Mvua ilinyesha alfajiri, na ndengu za jirani zimesimama wima kama wanafunzi siku ya mkaguzi. Nina furaha ya kitoto ambayo haimfai mwalimu mstaafu, kwa hivyo naiandika hapa kabla haijatulia. Binti yangu Kendi ndiye huipandisha shajara hii kwenye mtandao kutoka ofisini kwao Meru mjini, ambako kuna simu na modemu. Leo yuko hapa kwetu, anamsaidia mamake kumenya viazi.

Nieleze kwanza, maana kuna wasomaji ambao hawajui kwa nini mzee kama mimi, mzaliwa wa Ruiri kule Meru, anakosa usingizi kwa sababu ya madirisha.

Kompyuta peke yake haijui dirisha ni nini. Lazima iwepo programu ya kuyapanga: inayochora fremu kuzunguka kila kazi, inayoamua lipi liwe juu na lipi chini, na lipi linasikia unapobonyeza herufi. Bila hiyo, hesabu unazopiga kwenye kikokotoo zingeweza kuangukia katikati ya barua ya mkuu wa wilaya. Tunayotumia hapa chuoni, ninakofundisha kompyuta tangu nistaafu, haiuzwi. Maandishi yake yote yako wazi, yeyote anaweza kuyasoma, akayarekebisha na kuwarudishia wenzake. Wanaoiandika wametawanyika nchi nyingi na hakuna anayelipwa.

Kila Jumatatu napokea disketi kutoka kwa Kendi, na ndani yake barua zao za wiki iliyopita. Nazisoma kama watu wengine wasomavyo gazeti. Huyu kanyoosha fremu iliyokuwa imepinda kwa nukta moja. Yule kaharakisha menyu. Wawili walibishana siku nane kama pembe za dirisha ziwe za mviringo au za mraba, na aliyeshindwa ndiye aliyejitolea kuzichora. Sijawahi kumwona hata mmoja wao, lakini najua nani huamka na hasira, na nani hurudi baada ya siku mbili kusema, "Nilikosea, samahanini."

Nimewapenda watu hawa. Sikuwa nimewaambia.

Basi Jumatatu hii nilikuta barua ya mtunzaji mkuu, mtu mmoja wa nchi za baridi aitwaye Anders, ambaye ndiye huamua kipi kinaingia na kipi hakiingii. Alieleza kwamba watu wengi wamelalamika: madirisha yao yanapanda juu, yanavuka ukingo wa skrini, na kule hayashikiki tena. Kwa hivyo katika toleo jipya, dirisha halitaruhusiwa kuvuka ukingo wa juu hata kidogo. "Sidhani kuna anayehitaji jambo hilo," aliandika. "Asipojitokeza mtu kufikia Ijumaa, badiliko linaingia."

Ijumaa hiyo ilikuwa imebakiza siku nne. Habari zetu hufika zikiwa zimechacha kidogo.

Niliisoma mara tatu kwenye kompyuta namba nne.

Chuoni tuna kompyuta tisa, zote kuukuu, zenye skrini ndogo. Programu nyingi siku hizi huandikwa na watu wenye skrini kubwa kama madirisha ya kanisa. Zikifunguka kwetu, sehemu ya chini hukatika, na sehemu hiyo ya chini ndiyo yenye kitufe cha OK. Huwezi kuhifadhi barua, huwezi kuchapisha, huwezi hata kukataa. Dawa yetu ni moja: unashikilia kitufe cha Alt, unalivuta dirisha kwa kipanya, unalipandisha hadi kichwa chake kipotee juu ya skrini, na miguu yake ionekane. Wanafunzi wangu ni Wambeere, watu wa nyuki, na walilipa tendo hilo jina siku ile ile nilipowafundisha: kupandisha mzinga.

Anayeupandisha kuliko wote ni Ciarunji. Ni mama wa watu wazima, amepiga taipu katika ofisi ya serikali miaka kumi na tisa, na ameambiwa kwamba ikifika Januari taipureta zote zitaondolewa. Atakayefaulu mtihani wa kompyuta atabaki na kazi yake. Asiyefaulu atapewa maneno matamu tu. Siku ya kwanza alitafuta kile kitufe mpaka akainama.

"Mwalimu, hiyo OK iko wapi?"

"Iko chini, mama. Skrini haijafika."

"Chini wapi? Chini ya meza? Ngoja basi nivue viatu niingie."

Darasa zima lilicheka, na tangu hapo dirisha likikatika mtu husema tu, "Kiko chini ya meza," na wenzake wanaelewa.

Najua mtu ataniuliza: si mbaki na toleo la zamani? Hatuwezi. La zamani lina ugonjwa wa kuanguka madirisha yakizidi matano, na likianguka linaondoka na kazi yote. Mwezi uliopita lilimeza barua ya Ciarunji ya kurasa tatu. Hakulia, alikunja mikono tu akatazama ukuta. Toleo jipya limeutibu ugonjwa huo, tena niliyelalamika ni mimi, na walinisikiliza. Tumelingoja kwa miezi. Sasa linakuja na dawa mkono mmoja na kufuli mkono wa pili.

Jumatatu hiyo hiyo niliandika barua kali. Niliandika kwamba wenye skrini kubwa wanajipangia dunia. Niliandika neno "dharau" mara mbili. Nilirudi nyumbani nikamsomea mke wangu, Mama Kendi, nikitafsiri kwa Kimeru, nikitarajia aniunge mkono.

Alinimiminia chai kwanza.

"Huyo mzungu alijuaje?" akauliza.

"Alijuaje nini?"

"Kwamba mnapandisha huo mzinga. Mlimwambia lini?"

Nikaigeuza barua, kama kwamba jibu liko nyuma yake.

"Umemwandikia mara ngapi hii miaka minne?"

"Saba."

"Za kusema nini?"

Zote saba zilikuwa za malalamiko. Naziweka kwenye faili, nilizihesabu. Siku ile nilipogundua kwamba dirisha laweza kuvuka ukingo, nilisimama peke yangu darasani nikapiga makofi. Nilimweleza Mama Kendi, nikamweleza mwalimu wa useremala, nikamweleza hata mlinzi wa lango. Aliyeitengeneza sikumwambia.

"Baba Kendi," akasema, "miaka thelathini na miwili nakupondea mukimo wa viazi na mahindi. Umewahi kuusemea siku moja tu. Siku chumvi ilizidi."

Sikumaliza chai.

Nimelifikiria jambo hili wiki nzima. Kwetu, mwanamume akisifu chakula mbele ya watu, huonekana kama anaomba aongezwe. Unakula, unanawa, unaenda zako. Sahani tupu ndiyo shukrani. Nilikulia humo, na sioni kama ni utovu wa adabu, kwa sababu mpishi yuko pale, anaiona sahani. Lakini Anders haoni sahani yetu. Yuko mbali, anachopokea ni barua za wenye chumvi iliyozidi peke yao. Mimi nikinyamaza kwa kuridhika na mwingine akinyamaza kwa kuwa hayupo, kwake yeye kimya hicho ni kimoja. Nilikuwa namlaumu kwa kutojua jambo ambalo mimi ndiye niliyelificha.

Hilo liliniuma. Nilichana barua ya kwanza.

Jumanne niliwauliza wanafunzi kama wana neno la kumwambia mtu huyo. Wengi waliona haya. Ciarunji hakuona.

"Mwambie asante, hata kama ameamua kuondoa. Alafu mwambie ile kitufe iko chini ya meza, na mimi ni mtu mzima, siwezi kuingia huko kila saa."

Niliyaandika kama alivyoyasema.

Disketi isingefika Meru kabla ya Ijumaa. Kwa hivyo Jumatano nilienda posta na sarafu mfukoni, nikampigia Kendi simu ofisini, na nikamsomea barua yote naye akiipiga moja kwa moja kwenye kompyuta yake. Nilimweleza Anders kuhusu kompyuta tisa, skrini zetu, mizinga, na mtihani wa Januari. Nilimwambia kwamba kwa miaka minne hakuna siku hatujatumia kazi yake, na kwamba samahani, ndiyo mara ya kwanza kusema. Nikapendekeza: wenye skrini kubwa walindwe kama alivyopanga, ila anayeshikilia Alt kwa makusudi aruhusiwe kupita.

Nyuma yangu foleni ilikuwa inakua. Mtu mmoja mwenye kofia akagonga kioo cha kibanda cha simu.

"Mzee, hiyo ni simu ama ni mahubiri?"

"Nimebakiza aya moja."

"Basi isome kwa sauti, na sisi tuokoke."

Nikasoma aya ya mwisho kwa sauti. Ilikuwa ile ya Ciarunji. Wakacheka, na nikasikia Kendi naye anacheka upande wa pili, huku vidole vyake vinaendelea kugonga herufi.

Alhamisi, hakuna jibu. Ijumaa nilifundisha vibaya. Nilirudia somo la juma lililopita na hakuna aliyenikosoa, kwa heshima.

Leo asubuhi, saa tatu, darasa la Jumamosi likiwa limeanza, Kendi aliingia mlangoni na mkoba wake. Hakuwa ameniambia anakuja. Alikuwa na karatasi moja na disketi moja.

Anders alikuwa amejibu. Yangu, aliandika, ilikuwa barua ya kwanza isiyokuwa ya kulalamika aliyowahi kupata kuhusu sehemu ile ya programu. Alikiri kwamba alitaka kuiondoa kwa sababu nyingine pia: alikuwa amechoka kuitunza bila kujua anamtunzia nani. Sasa anajua. Badiliko litaingia, lakini anayeshikilia Alt atapita, kama nilivyopendekeza. Akaniomba kitu kimoja: kwa kuwa yeye hana tena skrini ndogo, je, naweza kulijaribu kila toleo kwenye kompyuta zetu kabla halijatoka, na nimwandikie, liwe zuri au baya?

Kwenye disketi kulikuwa na toleo la majaribio. Nililipakia kwenye kompyuta namba nne. Ciarunji akakaa. Alifungua barua, akaomba kuchapisha, dirisha likafunguka na kukatika kama kawaida. Darasa likasimama nyuma yake. Akashika Alt, akavuta.

Mzinga ukapanda.

Akafungua madirisha sita, saba, nane. Hakuna kilichoanguka.

Kisha Kendi akasema, "Baba, waonyeshe maandishi yenyewe." Nikayafungua, nikatafuta mahali alipobadilisha. Waandishi wa programu huacha humo maelezo mafupi ya kuwasaidia watakaokuja baadaye, wajue kwa nini jambo limefanywa hivi na si vile. Juu ya mistari ile mipya, kwa Kiingereza chake, Anders alikuwa ameandika: usiondoe hii, kwa baadhi ya watu kitufe kiko chini ya meza.

Niliwatafsiria. Ciarunji akanisukuma kando kwa bega, akasogeza uso karibu na skrini, akafuata neno kwa neno kwa kidole.

"Haya ni maneno yangu."

"Ni yako."

"Yatakaa humo?"

"Mpaka mtu ayaondoe. Na amesema yasiondolewe."

"Miaka kumi na tisa nimepiga maneno ya wakubwa," akasema. Alirudi kwenye barua yake akaanza kupiga, haraka kuliko nilivyowahi kumwona, na sikuona sababu ya kumsumbua.

Mtihani ni Januari. Sijui utakuwaje. Lakini hatashindwa kwa sababu ya kitufe.

Niliacha kuandika chakula kilipoiva, na tumetoka mezani sasa hivi. Mama Kendi alipika mukimo, wenye majani mengi ya malenge kama anavyojua napenda. Nilikula vijiko viwili, nikaweka kijiko chini, nikasema mbele ya binti yetu kwamba mukimo huu ni mtamu, na ule wa Jumapili ulikuwa mtamu, na kwamba nimekula mukimo nyumba nyingi na hakuna ulioufikia huu.

Mama Kendi aliweka mwiko chini.

"Baba Kendi, umevunja nini?"

Kendi alicheka mpaka akakohoa. Mamake hakucheka. Lakini alinichukulia sahani yangu kabla sijaimaliza, akaniongeza, na nilipotazama vizuri nikaona ameniwekea ile sehemu ya katikati ya sufuria ambayo siku zote huiweka kando kwa wageni.

Ewe unayesoma hapa, chagua kitu kimoja ulichotumia leo na hakikukusumbua. Kabla jua halijazama, mwandikie aliyekitengeneza, umwambie kwamba unakitumia.