Liputa Niliyoivaa Kanisani

Aline, mujukuu wangu,

Ni mimi koko wako, mama ya papa yako. Huku Kisangani tuko wazima, na papa yako mguu umepona.

Umeniuliza maana ya neno la Kiingereza ulilolikuta kwenye kanuni za duka la dawa unakofanya kazi: "inducement". Bon, neno lenyewe silijui, lakini ulivyonielezea, kitu hicho nakijua, na mpaka leo kinanitia hasira!

Nilikuwa nimeolewa karibuni na mvuvi. Kwetu samaki akishatoka mtoni ni wa mwanamke, mume hamuuzi. Mchuuzi mmoja wa mtaa wa Makiso alilijua hilo, akaniletea mimi liputa mpya, kitenge cha kijani. Hakuomba kitu. Jumapili nikajifunga hiyo liputa, nikaingia kanisani kwa maringo.

Jumatatu akarudi.

"Mama, kuanzia leo samaki wote ni wangu. Wale wanawake wa sokoni wanaonunua kwako uwafukuze."

Nikakataa. Akacheka.

"Si umevaa liputa yangu? Kanisa zima limekuona."

Nikamrudishia, akaikataa, eti imeshavaliwa! Mtu mzima, hana hata haya! Na mimi mjinga nikamwachia samaki wote. Wiki nzima niliwaambia rafiki zangu wa sokoni kwamba samaki hakuna, huku moshi wa kukaushia samaki ukitoka uani kwangu, wanauona.

Basi maana yake ndiyo hiyo: unapewa kwanza, unaombwa baadaye.

Jana uliponipigia, sauti yako ilisikika vizuri kuliko siku zote. Aline, hiyo simu mpya umepewa na nani?